Siku tulipokata kufuli la sanduku la maoni

Siku tunakata kufuli la sanduku la maoni mi nilikuwa nimeshakaa masjala ya ile hospitali miaka minne na sikuwahi hata siku moja kuona mtu amelifungua. Lilikuwa limetundikwa ukutani karibu na dirisha la malipo, sanduku la mbao, rangi ya bluu, limeandikwa MAONI kwa rangi nyeupe, na ukiulizia ufunguo unaambiwa uko kwa katibu wa afya, ukienda kwa katibu anakwambia aliyekuwepo kabla yangu hakunikabidhi. Basi akaja katibu mpya, dada mmoja mchapakazi kweli kweli, wiki ya pili tu tangu aripoti akamwita fundi wa matengenezo, fundi akakata kufuli kwa msumeno wa chuma, tukamwaga karatasi mezani.

Zilikuwa 31, nilizihesabu mwenyewe maana katibu alinipa mimi kazi ya kuziorodhesha. Nyingi ni za wagonjwa, huyu analalamikia foleni ya maabara, yule anamshukuru nesi wa zamu ya usiku, ila 12 zilikuwa zetu wenyewe wafanyakazi. Moja ilikuwa ya mzee aliyeshastaafu. Nyingine ilikuwa ya muuguzi ambaye alishafariki, wote pale mezani tuliujua mwandiko wake, tukanyamaza kidogo. Alikuwa anaomba taa kwenye kile kinjia cha kutoka wodi ya wazazi kwenda maabara, kwa sababu usiku wanapita gizani wamebeba sampuli za damu na kuna ngazi mbili pale zimebomoka. Kile kinjia kilikuwa bado hakina taa.

Nimekaa na hii habari muda mrefu na leo nimeamua niiandike, kwa sababu kila ofisi niliyopita nasikia viongozi wanasema watumishi wetu sio wabunifu, hawana mawazo, ukiwaambia toeni maoni wanakaa kimya. Mi sikubaliani kabisa. Mawazo yapo, tena yapo kwa watu ambao hata kwenye kikao hawaitwi, shida ni kwamba mtu akishatoa wazo moja likapotelea kwenye sanduku bila hata kuambiwa ndio au hapana, la pili hatoi, na akija mfanyakazi mpya ana moto wake yule wa zamani ndo anamwambia usijisumbue mdogo wangu, hapa hawasikilizi. Ukimya unaouona kwenye kikao umetengenezwa miaka mingi.

Sa turudi kwenye zile karatasi. Kulikuwa na moja ya daftari la mistari, mwandiko wa mtoto wa shule ya msingi kabisa, herufi kubwa kubwa, imeandikwa hivi: mafaili yanalala kwa madaktari naomba yawekewe boksi mlangoni asubuhi nikifagia niyapeleke masjala. Haina jina ila haikuhitaji jina, anayefagia vyumba vya madaktari wa OPD, yaani idara ya wagonjwa wa nje, saa 11 alfajiri ni mmoja tu, mama wa usafi, mtu mzima, kusoma anasoma kidogo ila kuandika alikuwa anamtegemea mjukuu wake. Maana yake huyu mama alikaa nyumbani, akawaza, akamwita mtoto akamwambia niandikie, akaibeba ile karatasi mpaka kazini akaitumbukiza. Iliniuma sana, nasema ukweli, kwa sababu lile tatizo aliloliandika lilikuwa ni tatizo LANGU na nilikuwa nalitafutia dawa mahali pengine kabisa.

Niwaeleze kidogo kwa ambao hawajawahi kukaa masjala ya hospitali. Wakati ule tulikuwa bado hatujaingia kwenye mfumo wa kompyuta, kila mgonjwa ana faili la karatasi, akija anatoa kadi yenye namba, sisi tunaingia kwenye shelfu tunalitafuta. Likikosekana tunamfungulia faili la muda. Mgonjwa anaona tumemhudumia, anaondoka zake, ila kilichotokea ni kwamba daktari anakutana na mtu ambaye hana historia, hajui presha yake mwezi uliopita ilikuwa ngapi, hajui dozi ilibadilishwa lini, hajui kama huyu mtu alishawahi kupigwa penisilini akavimba. Mgonjwa mwenyewe unamuuliza ulikuwa unatumia dawa gani anakwambia vile vidonge vyeupe. Faili kupotea ni hatari, sio usumbufu tu, na lawama zote zilikuwa zinakuja kwetu, masjala wanapoteza mafaili, masjala wavivu. Na sisi kila mwaka kwenye bajeti tunaandika tunaomba shelfu mpya, shelfu hazitoshi, tukiamini kabisa ndo sababu. Kumbe sehemu kubwa ya hayo mafaili hayakuwa yamepotea, yalikuwa kwenye droo za madaktari, juu ya kabati, chini ya BP mashine, daktari ameitwa wodini katikati ya kazi akaliacha pale, kesho yake chumba kile anakaa daktari mwingine. Mtu pekee aliyekuwa anayaona yote kila siku alfajiri ni yule mama.

Kipindi hicho hicho ndo mkoa ulikuwa unasukuma mambo ya 5S, ule utaratibu wa hatua tano wa kupanga na kusafisha sehemu ya kazi. Wengi mnaijua kwa majina yake ya Kiswahili, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Historia yake naipenda kwa sababu imetembea sana. Mwaka 1950 Eiji Toyoda alikwenda Marekani kukiangalia kiwanda cha Ford kule River Rouge, kati ya vitu alivyoviona ni utaratibu wa wafanyakazi kuleta mawazo yao ya kuboresha kazi, na mwaka 1951 Toyota wakaanzisha wa kwao, wao wakaushikilia miaka na miaka mpaka ukawa sehemu ya kile tunachoita kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kuacha. Baadae hayo mambo ya viwandani yakaingia hospitali, hospitali ya wazazi ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, ikawa mfano wa watu kwenda kujifunza, na kwetu huku Hospitali ya Rufaa Mbeya ndo ikaanza kuijaribu 2007 kwa msaada wa Wajapani kupitia shirika lao la misaada, JICA, ikasambaa nchi nzima. Na hata hao Wamarekani hawakuwa wa kwanza, kiwanda cha meli cha William Denny kule Dumbarton, Uskochi, kilishakuwa na zawadi kwa mfanyakazi anayeleta wazo tangu 1880. Kodak walianza 1898, wazo la kwanza kulipwa lilikuwa la mfanyakazi aliyesema madirisha yasafishwe ili mwanga uingie, akapewa dola 2. Madirisha! Kitu ambacho kila mtu mle ndani alikuwa anakiona.

Tatizo la 5S kwa sehemu nyingi nilizoziona ni kwamba inaishia kwenye stika. Wakaguzi wanakuja Alhamisi, Jumatano watu wanakesha wanabandika majina kwenye kila kitu, MEZA, KITI, NDOO, alafu picha zinapigwa zinarushwa kwenye grupu la Wasapu, baada ya mwezi ndoo ipo mahali pengine na stika inaning'inia. Ile S ya mwisho, Shikilia, haiwezekani kama hao wanaotumia hiyo ndoo hawakuulizwa inafaa ikae wapi. Katibu wetu alilijua hilo, kwaiyo yeye hakuanza na stika, alianza na timu za kuboresha kazi kila idara, na ya OPD mi nilikuwa mwandishi wake.

Kikao cha kwanza kilikuwa kibaya. Mganga mfawidhi alikuja mwenyewe kutuunga mkono, nia yake nzuri kabisa, akasema jamani leo tunabungua bongo, kila mtu awe huru, toeni mawazo. Kimya. Daktari mmoja mkubwa akasema tatizo la hii OPD ni upungufu wa watumishi. Mwingine akasema kweli, naunga mkono. Watatu waliofuata wote wakaunga mkono. Mama wa usafi alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, hakufungua mdomo, na mi mwenyewe sikufungua. Tukatoka na wazo moja, kuomba watumishi, ambalo hakuna hata mtu mmoja mle ndani mwenye uwezo wa kulitekeleza.

Nikaenda kusoma, nikakuta kumbe hili jambo limechunguzwa zamani. Alex Osborn, yule mtu wa matangazo ya biashara wa New York, ndo aliyeeneza hii habari ya kubungua bongo kwa pamoja, masharti yake ni mazuri tu, usikosoe wazo la mwenzio, leta mengi kadiri uwezavyo, jengea juu ya la mwingine. Ila mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakalinganisha, watu wanne wakikaa pamoja wanabungua bongo, na watu wanne kila mmoja anaandika peke yake alafu mawazo yanaunganishwa, wale waliokaa peke yao wakatoa karibu mara mbili. Baadae, 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu kubwa ni ile kusubiri zamu, mwenzako anaongea, wewe lako limekaa kichwani, mpaka ufikiwe limeshapotea au umeshaona halina maana. Na hawa walikuwa wanafunzi tu, wanalingana. Weka juu yake cheo, weka umri, weka heshima yetu ya kwamba mkubwa akishaongea mdogo haongezi neno, utaona kwanini vikao vyetu vinakuwa vile.

Alafu sisi Watanzania hili swali sio jipya kwetu. Waraka wa Rais namba 1 wa mwaka 1970 ndo ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe kwenye mashirika ya umma, wafanyakazi wawe na sauti kwenye mipango ya kazi, na mwaka uliofuata ukaja Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule, kile kifungu cha 15 kinachokataza kiongozi kuwa na majivuno na kudharau anaowaongoza, wafanyakazi wa viwanda kadhaa Dar wakakishika kwa mikono miwili wakawakabili mameneja wao. Mabaraza yapo mpaka leo. Shida ni kwamba kwenye sehemu nyingi baraza limekuwa la kusomewa bajeti, na yule wa kufagia ameajiriwa na kampuni ya usafi, sio mtumishi, hana hata mjumbe.

Kikao cha pili tukabadilisha. Katibu aligawa karatasi ndogo ndogo na kalamu, akasema dakika 10 hakuna kuongea, kila mtu aandike vitu vinavyomchelewesha au vinavyomuumiza kwenye kazi yake, sio vya idara, vya kwake mwenyewe, na kama ana dawa yake aiandike pia, asiyependa kuandika amnong'oneze mwandishi. Mi nikaenda kukaa karibu na mama wa usafi. Madaktari wakubwa waliombwa, kwa heshima, wasome mwisho. Hiyo ya wakubwa kusoma mwisho ndo naiona ilikuwa na nguvu kuliko yote, maana mkubwa akishatangulia wengine wote wanapanga maneno yao kumfuata yeye, hata kama yeye hataki.

Zikapatikana karatasi 46, ukijumlisha na zile 12 za kwenye sanduku zinakuwa 58. Sasa ndo inakuja sehemu ambayo nadhani watu wengi wanaiharibu, kuyapima. Kukusanya kunafurahisha, kila mtu anachangamka, chai inakuja, alafu mnabaki na makaratasi 58 mezani na hamjui la kufanya, bosi anachagua matatu anayoyapenda, basi, imekwisha.

Sisi tulianza kwa kuyatenga. Yale yanayohusu mtu kuumia tuliyaweka pembeni kabisa, hayapigiwi kura, yanaenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi na yanajibiwa wiki ile ile. Hili nililisimamia kwa nguvu zote na bado naliamini. Ile taa ya kinjia, ukiipigisha kura OPD haipati hata kura moja kwa sababu wa OPD wanaondoka saa 9 na nusu mchana, gizani hawapiti. Kura inapima wangapi wanaguswa, haipimi anayeguswa anaguswaje. Fundi alienda kuangalia kile kinjia akakuta waya upo umeshafika mpaka kona ya maabara, kilichokuwa kinatakiwa ni nguzo fupi, holda na balbu, kazi ya mchana mmoja. Tuliwasha taa siku ya Ijumaa. Wauguzi wa wodi ya wazazi walitoka nje kuiangalia, wengine walikuwa wamefanya kazi na yule marehemu.

Yaliyobaki tukayapigia kura kwa punje za mahindi, kila mtu punje tano, unaweka kwenye karatasi unayoitaka, ukitaka zote kwenye moja sawa. Ila kabla ya kura kila wazo liliulizwa maswali na mwandishi anayaandika pembeni. Tunaweza wenyewe bila kuomba hela? Tukilijaribu wiki mbili na likashindwa, tunaweza kurudi tulipokuwa bila mtu kudhurika? Tutajuaje kama limesaidia, tutahesabu nini? Na swali moja ambalo alilileta nesi wa triaji, yule anayepanga mgonjwa gani aonwe kwanza, na mi naliona ndo la thamani kuliko yote, kazi inayopungua kwangu inahamia kwa nani? Kwa sababu mawazo mengi sana ya ofisini yakichunguzwa unakuta mtu anaondoa mzigo kwenye meza yake anauweka kwenye meza ya jirani. Maabara walikuwa na wazo kwamba majibu yasipelekwe tena kwa madaktari, wagonjwa wayafuate wenyewe dirishani, kwao nafuu kubwa, ila mgonjwa mwenye homa anapanda na kushuka mara mbili. Lilipoulizwa hilo swali wenyewe maabara walilitoa.

Wazo la boksi la mafaili lilipata punje nyingi. Na hapo hapo likapigwa. Daktari mmoja akasema, faili ni siri ya mgonjwa, hatuwezi kumpa mtu wa usafi abebe mafaili ya wagonjwa kwenye korido. Na alikuwa sahihi! Huo sio wivu wala dharau, ni maadili ya kazi yetu, mule kuna majibu ya vipimo vya watu tunaoishi nao mtaani. Kikao kikataka kulitupa. Nakumbuka katibu akasema subirini, hilo pingamizi linaua wazo lote au linaua kipande? Tukakaa nalo. Kipande kilichokuwa na tatizo ni nani anabeba. Kile kiini chake, kwamba kila chumba kiwe na sehemu moja ambayo faili lisilorudi linawekwa kabla chumba hakijafungwa, hakina tatizo lolote. Basi tukaamua boksi liwe na kifuniko na kufuli, mdomo juu wa kutumbukizia, na mhudumu wa masjala aliyeingia asubuhi ndo anazunguka na funguo saa 1 kamili kabla ya dirisha kufunguliwa. Yaani mimi na wenzangu tuliongezewa mzunguko wa dakika 20, na hatukulalamika maana tulijua tunakwenda kuchukua nini.

Tangu siku ile nikisikia pingamizi huwa nauliza hivyo hivyo, linaua wazo lote au kipande? Mara nyingi sana ni kipande.

Tukahesabu. Wiki ya kabla ya maboksi niliweka daftari dirishani, kila faili lililokosekana tunaandika mstari mmoja, siku tano za kazi tukapata 57. Wiki ya pili ya maboksi tukapata 19. Mi nilikuwa nimefurahi nataka kwenda kutangaza, lakini mganga mfawidhi akaniuliza swali moja, wagonjwa wa marudio walikuwa wangapi wiki ile na wangapi wiki hii? Nikaenda kuangalia. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wako mashambani wanapanda, OPD imepungua. Wiki ya kwanza walikuwa 620, ya pili 410. Kwaiyo ilikuwa imetoka kama 9 katika kila 100 ikaja kama 5 katika kila 100. Bado ni nafuu kubwa, karibu nusu, ila sio ile niliyokuwa naifikiria. Nashukuru sana aliuliza, maana tungetangaza ile ya kwanza alafu mwezi wa pili wagonjwa wakarudi kutoka mashambani namba ingepanda, watu wangesema maboksi yameshindwa na wangeyaondoa. Kabla hujajaribu kitu hesabu kwanza hali ilivyo, tena hesabu na kile kinachoweza kukudanganya.

Na hiyo 5 iliyobaki ndo ikatuonyesha tatizo jingine, safari hii kweli la kwetu masjala, mafaili yaliyorudishwa shelfu isiyo yake. Hapo wazo langu mimi lilikuwa stika za rangi kwa kila mwaka. Tulilijaribu, stika zikabanduka ndani ya wiki tatu kwa vumbi na mikono yenye jasho, tukaacha. Lililofanya kazi lililetwa na mwanafunzi wa fildi, binti mdogo tu, alifundishwa chuoni kwamba unapanga kwa tarakimu mbili za mwisho, faili namba 043782 linakaa kwenye shelfu ya 82, alafu ndani ya 82 unatafuta 37, alafu 04. Wazee wa masjala walikataa, wakasema mafaili mapya yatatawanyika kila shelfu. Ndio, yanatawanyika, na ndo uzuri wake, hatusongamani tena wote kwenye shelfu ya mwisho ambako mafaili ya wagonjwa wapya wote yamejazana na mnasukumana humo. Hatukubishana sana, tukachukua shelfu moja tu tukaipanga hivyo, tukamwacha mzee mwenyewe atafute pale na kule kwingine kwa wiki. Yeye mwenyewe ndo alikuja kusema tuhamishie zote. Ilituchukua Jumamosi sita.

Habari ya zawadi niiseme kwa kifupi. Mwezi wa tatu hospitali ikatoa hela kidogo kwa mwenye wazo bora, akapewa mtu mmoja, na wazo lile lilikuwa limepita kwenye mikono ya watu watano mpaka likawa vile lilivyo. Wiki mbili watu hawasemeshani vizuri. Mi naona bora hiyo hela inunue kitu cha idara, au igawanywe kwa timu nzima, na jina la aliyeanzisha liandikwe ubaoni kama mwenyewe anataka.

Ule ubao ndo kitu kimoja nimekibeba kila nilikohamia. Ubao mweupe wa kawaida, safu tatu, TUMEPOKEA, TUNAJARIBU, TUMEJIBU. Kila wazo lazima lifike safu ya tatu ndani ya wiki mbili au liandikwe linasubiri nini. Kusema hapana ndo kugumu, watu wanaona bora wanyamaze kuliko kumvunja mtu moyo, lakini nimeona kwa macho yangu ni kinyume. Mlinzi wetu aliomba kibanda chake kisogezwe mbele aone barabara pande zote mbili, tukaenda kupima, kingeangukia kwenye hifadhi ya barabara, haiwezekani. Katibu alimfuata getini akamwonyesha alama iko wapi. Mlinzi akasema sawa mama, nimeelewa. Mwezi uliofuata alileta jingine, kwamba bajaji zisipaki upande wa kushoto wa geti kwa sababu ambulensi ikitoka inabidi irudi nyuma mara mbili ndo ikate kona. Hilo lilitekelezwa siku hiyo hiyo kwa kamba na mawe yaliyopakwa chokaa. Asingejibiwa la kwanza asingeleta la pili.

Mama wa usafi ndo alibaki. Kwenye vikao vya kura hakuwepo, zamu yake ilikuwa imebadilishwa, na katika haraka ya kutengeneza maboksi hakuna mtu aliyemwambia kwamba karatasi yake ndo iliyoleta yote haya, wala kwamba tumeibadilisha na yeye hatabeba. Nililikumbuka usiku nikiwa nyumbani na sikulala vizuri. Asubuhi nikawahi, saa 11 na nusu nikamkuta chumba namba 4 anadeki.

Nikamwambia shikamoo mama. Marahaba mwanangu, mbona mapema. Nikamwonyesha ile karatasi ya mjukuu wake, niliitunza kwenye bahasha, nikamweleza yote, kwamba boksi ni lake, kwamba mafaili yanarudi sasa, na kwamba kubeba tumepewa sisi wa masjala kwa sababu ya siri za wagonjwa, sio kwamba hatumwamini yeye. Aliegemea fimbo ya deki akasikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo ya siri ni kweli, hata mimi nina faili langu humu.

Kisha akasema, ila mwanangu, hilo boksi lenu mdomo ni mwembamba. Faili za wagonjwa wa sukari na presha haziingii, ni nene, madaktari wanaziweka juu ya kifuniko, usiku zinaanguka nyuma ya kabati. Njoo uone. Akasogeza kabati la chumba namba 4, na nyuma yake, kwenye vumbi, yalikuwepo matatu.

Saa 2 fundi alikuwa anaanza kupanua midomo ya maboksi, vyumba vyote vinane.